Tathmini ya Kocha Tuttle

Alder Falls, 9 Machi 1998

Mpendwa Baba,

Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe na Mama, na kwamba theluji imeanza kulegea huko shambani. Mimi mzima. Mwambie Mama nakula.

Jumatano iliyopita mkurugenzi wa michezo, Bwana Radke, aliniita ofisini kwake akafunga mlango. Nilidhani nafukuzwa. Kipindi changu cha majaribio kinaisha Mei, na kila akifunga mlango mimi huwaza hivyo hivyo. Kumbe ni kazi. Niandae tathmini ya Kocha Vernon Tuttle wa timu ya gofu: miaka yake thelathini na moja hapa chuoni, mashindano aliyoshinda na aliyoshindwa, barua za wachezaji wa zamani, kisha nichape fomu ya ukurasa mmoja yenye alama ya moja hadi tano. Chini kuna nafasi ya sahihi mbili, ya mkurugenzi na ya aliyeandaa. Aliyeandaa ni mimi.

Baba, sijawahi hata kushika fimbo ya gofu. Nitampimaje mtu aliyeanza kazi kabla sijazaliwa? Uwanja bado una barafu, kwa hiyo wachezaji wanapiga mipira kwenye wavu ndani ya ukumbi. Jana nilimkuta Kocha anaushona ule wavu kwa mkono, miwani imemshukia puani. Sasa mtu kama huyo unampa tatu au nne?

Mama aliwahi kunidokeza kwamba ulimchezea miaka miwili. Wewe hujawahi kusema. Ni mtu wa namna gani? Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunisikii vizuri, na ya ofisini inasikika chumba kizima.

Binti yako,
Signe

14 Machi

Mwanangu Signe,

Sisi wazima. Mama yako anakusalimu, anasema uvae soksi nene. Ng'ombe mmoja amezaa pacha, na wote wanasimama.

Kuhusu Tuttle sina la kusema. Gofu aliijua. Fanya anachokuambia bosi wako, upate kazi yako, na usimwambie huyo mtu wewe ni mtoto wa nani.

Baba yako

28 Machi

Mpendwa Baba,

Salamu nyingi, na pongezi kwa pacha. Soksi nimevaa. Mafua yamenishika kidogo lakini nakwenda kazini.

Amekwishajua mimi ni mtoto wa nani. Jumatatu alileta maboksi mawili ya kadi za zamani, zile wanazoandikia mipigo ya kila shimo, akayatua mezani kwangu.

"Wewe ndiye unayenipa alama, binti?"

"Nakusanya tu, Kocha."

"Haya, kusanya. Ila mwaka 1984 upite haraka haraka. Mwaka ule hata mke wangu angetufunga, na yeye hachezi." Akacheka, kisha akasoma kibao cha jina langu na kicheko kikamkauka. "Lindgaard. Wa Orrin?"

Nikaitikia.

"Sikio lake vipi?"

"La kushoto halisikii mpaka leo."

Akalisukuma boksi moja kuelekea kwangu. "Basi soma mwaka 1969," akasema, akatoka na kusahau kofia yake.

Nimesoma, Baba. Mei 1969, mashindano ya vyuo: "O. Lindgaard ameondolewa. Amesaini kadi yenye mipigo minne katika shimo la 13 ilhali alipiga mitano. Taarifa imetolewa na kocha wake." Wewe ulituambia uliacha chuo kwa sababu Babu aliumwa mgongo.

Kisha Bwana Radke akaja kuona nimefika wapi. Barua kumi na moja zimefika, zote zinamsifu Kocha. Akazirusha mezani. "Kumi na moja, sifa tupu! Hata marehemu hasifiwi hivi. Signe, nitafutie mmoja aliyeumia." Ofisi nzima inajua sababu: mkwe wa mwenyekiti wa bodi anaisubiri hiyo nafasi. Akapekua karatasi zangu, akaliona jina.

"Lindgaard. Huyu nani kwako?"

Sikuweza kudanganya.

"Basi kazi imekwisha! Mwandikie mzee." Alipofika mlangoni akageuka, akasema anapenda kuwapa kazi ya kudumu watu wanaomaliza walichoanza.

Sikuombi uandike chochote. Nakueleza tu nilivyobanwa.

Binti yako,
Signe

5 Aprili

Mwanangu Signe,

Natumaini mafua yamekuachia. Sisi wazima, mgongo wa Mama yako unamsumbua kidogo kwa sababu hataki kuambiwa asinyanyue ndoo.

Babu yako hakuwahi kuumwa mgongo. Ile hadithi niliitunga mimi na yeye akanisaidia kuitunza.

Shimo la kumi na tatu niliweka fimbo nyuma ya mpira, na mpira ukasogea upana wa kidole. Kwa sheria huo ni mpigo mmoja, na mchezaji mwenyewe ndiye anayejihesabia, hata kama hakuna aliyeona. Sikujihesabia. Nilikuwa na miaka ishirini na moja na tulikuwa tunaongoza. Tuttle alikuwa kwenye kilima na darubini yake. Yalibaki mashimo matano. Matatu kati ya hayo tulitembea pamoja, akaniuliza kama nina njaa, akanikatia nusu ya mkate wake wa siagi ya karanga. Hakusema kitu.

Kwenye meza ya kadi alisimama nyuma yangu. Kabla ya kusaini unaweza kuongeza mpigo na mambo yakaisha, hakuna anayekudharau. Neno moja lingetosha, Signe. "Orrin." Hilo tu. Alingoja nikasaini, nikaweka kalamu chini, ndipo akaenda kwa mwamuzi.

Chuo kikaninyang'anya ufadhili. Mwaka ule kijana asiyekuwa chuoni alikuwa wa jeshi. Barua yao ilifika Agosti, na Februari sikio langu likabaki Vietnam. Nilidanganya, sikatai. Lakini yule alikuwa kocha wangu, si askari wa doria.

Karatasi ya pili ni ya Radke. Nimeandika hayo hayo na nimesaini. Mpe.

Baba yako

19 Aprili

Mpendwa Baba,

Natumaini mgongo wa Mama una nafuu. Mimi mzima, ila usingizi unanipa shida.

Barua yako ninayo, bado sijaitoa. Nilimpelekea Kocha kwanza. Najua hukuniruhusu, lakini fomu inasema anayetathminiwa ajibu, na mimi naogopa kusaini kitu nusu. Aliisoma amesimama, kisha akakaa juu ya ndoo ya mipira.

Nikamuuliza, "Ni kweli ulisubiri?"

"Kweli."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa na miaka ishirini na tisa na nilijiona mwerevu. Nilitaka kuona yeye ni mtu gani." Akavua miwani. "Nikaona. Na mimi nikajiona. Nilipopata habari za jeshi nilikwenda kwa baba yake mara mbili. Mara ya pili alinitolea bunduki, na sikumlaumu." Akasema tangu mwaka ule husimama kwenye meza ya kadi na kumwuliza kila mchezaji kabla hajasaini: una uhakika?

Sikuamini maneno tu. Nimepitia maboksi yote mawili, kadi kwa kadi. Tangu Mei 1969 hakuna mchezaji wake hata mmoja aliyeondolewa kwa kadi yenye kosa. Miaka ishirini na tisa, Baba. Na mara arobaini na moja mchezaji wake amefuta namba na kujiongezea mpigo kabla ya kusaini.

Amenipa jibu lake kwenye karatasi, mistari sita, hajitetei. Nataka kuliambatisha chini ya barua yako, pamoja na hesabu ya kadi. Bwana Radke hatapenda. Ofisini naogopa hata kuvuta kiti. Ila ukiniambia "ambatisha" nitasema baba yangu ametaka hivyo, nami nitapata pa kusimamia. Fomu inatakiwa Ijumaa, tarehe 24. Niandikie, au Mama apige simu na kusema neno moja.

Binti yako,
Signe

4 Mei

Baba,

Natumaini mu wazima.

Neno halikuja. Ijumaa nilipeleka faili likiwa na karatasi zote. Bwana Radke akalifungua, akashika jibu la Kocha kwa vidole viwili. "Hii nyingine ya nini?" Hakuniamuru, Baba. Aliuliza tu, akiniangalia. Mimi mwenyewe nilinyoosha mkono nikaichukua, na hesabu ya kadi pia, nikaziweka mfukoni. Ikabaki barua yako. Kwenye alama akaandika mbili. Nikasaini.

Kocha ameachishwa kazi. Alipokuja kurudisha funguo aliomba kuiona fomu, ni haki yake. Aliisoma yote, akatazama sahihi yangu, akasema, "Una mwandiko mzuri." Akaacha funguo mezani, akatoka.

Kazi ya kudumu nimepata. Jumapili sitakuja nyumbani.

Signe

11 Mei

Mwanangu,

Mama yako mzima. Pacha mmoja alikufa Alhamisi.

Barua yako ya tarehe 19 nilikuwa nayo tarehe 21. Sitaki useme posta ilichelewa. Niliisoma zizini, nikairudia. Nilikuwa nimekwishaona kwamba jibu lake lilistahili kuwekwa. Mama yako alishika simu mara mbili, Jumatano na Alhamisi, na mara zote mbili nilimwambia airudishe.

Nilitaka kuona utafanya nini bila mimi.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na jana nimemweleza Mama yako. Hajasema nami tangu jana. Nimemwandikia Radke kwamba barua yangu nimeiondoa. Amejibu kwa mistari miwili: faili limefungwa. Nilikwenda kwa Tuttle pia. Nilikaa garini mbele ya nyumba yake mpaka mkewe akatoka kuuliza kama nimepotea. Nikamwambia ndiyo, akanielekeza barabara kuu.

Nitakuandikia kila Jumapili mpaka ujibu. Usipojibu, nitaandika vilevile.

Baba yako