Kwa Kabula, Aliyenifundisha Kuisubiri Bei

Dada Kabula, uliyeniachia ziwa,

Wiki hii dagaa hawapatikani. Mwezi unawaka, taa haziwavuti, wavuvi wamelala majumbani, na mimi nimebaki na nafasi ambayo sikuiomba. Zamani nafasi ya namna hii ilikuwa yako. Nilikuwa napanda basi hapa Lamadi asubuhi, nafika Bariadi kabla jua halijakuwa kali, nakukuta sokoni na meza yako. Sasa sina pa kwenda, ndiyo maana nakuandikia.

Unalikumbuka lile benchi nyuma ya meza? Ukishapima dagaa niliokuletea, ukishawasalimia wateja wako, mwangaluka huyu, mwangaluka yule, ulikuwa unakaa hapo, unafungua fundo la kanga na kutoa simu. Siku ya kwanza nilidhani unanionyesha picha za harusi ya mtu. Nikaona vijiti vyekundu na vya kijani vimesimama kwenye kioo cheusi, vingine virefu, vingine kama punje.

"Hii ni bei ya bitcoin," ulisema. "Hivi vijiti wanaviita mishumaa. Kila mmoja ni wiki nzima. Hapa bei ilianza, hapa ikaishia. Na huu utambi mwembamba wa chini, hapa wauzaji waliisukuma, halafu wanunuzi wakaikataa, wakairudisha juu."

Nikakuuliza kwa nini usiangalie chati ya dakika kama vijana wa stendi. Ulicheka.

"Ya dakika ni ya mtu mwenye homa. Kila saa anajishika paji la uso."

Maneno hayo ulikuwa umeyalipia. Kabla ya hapo uliingia kwenye kundi moja la simu, mtu usiyemjua anakwambia nunua sasa, uza sasa, mwisho akapotea na mtaji wako wote wa dagaa. Ulikuja kulia jikoni kwa mama, na sisi tukajua umeachana na mambo hayo. Kumbe ulirudi Bariadi ukaanza kuinunua upya, peke yako, kidogo kidogo, kila ukimaliza kuuza mzigo. Ulisema ni ya shule ya Minza, mwanao, ambaye wakati huo alikuwa bado anatambaa chini ya meza. Na uliniwekea sharti: "Hela ya unga haiingii humu. Ukiweka hela ya unga, njaa ndiyo itakayokuuzia, si wewe."

Ipo siku nilikukuta kwako unachambua mchele, bei imeporomoka. Mimi ndiye niliyeshika simu. Kila nikiitazama naona wekundu juu ya wekundu.

"Dada, mbona huuzi?"

"Kwani nani ananifukuza?"

"Itaisha yote."

Ulijifuta mikono, ukaivuta chati kwa kidole mpaka tukaona miaka ya nyuma. "Tazama. Iligonga hapa ikainuka. Ikarudi, ikagonga hapa hapa, ikainuka tena. Leo imefika hapo. Pengine itatoboa, siwezi kukuapia. Lakini mshumaa wa wiki haujafunga. Acha ufunge kwanza, ndipo tuseme."

Nilikesha kwa ajili ya hela isiyo yangu. Jumapili ikapita, bei ikawa imeinuka. Nilitaka tufurahi. Wewe uliniambia nikageuze maharage yasiungue.

Halafu ulikwenda kujifungua mtoto wa pili, hukurudi. Damu haikukata. Mtoto naye hakukaa. Waliponipigia simu nilikuwa ufukweni naanika, na nakumbuka nilimaliza kuanika kwanza, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya na mikono yangu.

Tulikuzika Nkololo, kwa wakwe zako. Kukawa na watu wengi, wateja wako wa sokoni wakakodi gari. Matanga yalipokwisha, baba mkwe wako aliita kikao cha ukoo uani. Shemeji Masanja, mumeo, alikaa kwenye kigoda akiangalia miguu yake. Hakuwa na nguvu hata ya kuitikia salamu.

"Tumesikia marehemu ameacha hela kwenye simu," mzee alisema. "Na tumesikia wewe ndiye unayejua kuifungua."

Nikasema ni kweli, na kwamba ulikuwa umeniambia ni ya Minza. Nikaitoa simu yako. Nilikuwa sijaifungua tangu ufe. Dada, bei ilikuwa imeanguka vibaya kuliko ile siku ya mchele. Lakini niliivuta chati nyuma kama ulivyokuwa unafanya, nikaona imesimama palepale unapopajua. Mshumaa wa wiki ulikuwa mwekundu, na chini yake utambi ulikuwa umeanza kujitokeza. Ilikuwa Alhamisi.

Nilijaribu kuwaeleza. Nilichora ardhini kwa kijiti. Niliwaambia wanunuzi wameanza kurudi, tungoje wiki ifunge, Jumapili tu, ndipo tuamue.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya, na sitaki umfikirie hivyo. Alinyoosha mkono akamwonyesha Minza, aliyekuwa amelala kwenye mkeka na vumbi usoni.

"Mayu," aliniambia kwa upole, akiniita mama kwa heshima, "mtoto anakula chati?"

Shangazi yake Masanja akadakia pembeni kwamba pengine natafuta siku za kuihamisha. Nilimtazama Masanja aseme neno. Alijua jinsi ulivyokuwa unangoja, alikuwa akikutania kwa hilo. Alisema, "Shemeji, iuze tu. Sitaki kuiona tena hiyo simu."

Nikaiuza, nimesimama katikati ya uwanja, watu wamenizunguka kama mwizi. Wakanunuliwa mitamba wa ng'ombe kwa jina la Minza.

Jumatatu baada ya misa ya asubuhi sikuweza kujizuia. Nilikaa nyuma ya kanisa nikaifungua chati kwenye simu yangu. Mshumaa ulikuwa umefunga, una utambi mrefu chini, vilevile ulivyonifundisha. Wiki iliyofuata ikawa kijani, na iliyofuata, na iliyofuata. Nilikuwa nimesoma sawasawa, dada. Kwa mara ya kwanza maishani nilisoma peke yangu na nikawa sawa, na sikuwa na mtu wa kumwambia. Nilimwambia mama. Alikuwa anapepeta, hakuinua kichwa.

"Imepanda," alisema. "Haya. Kuna aliyefufuka?"

Nimefikiri sana kuhusu subira yako. Nilidhani ilikuwa tabia, kama urefu wako au sauti yako. Sasa naona ilikuwa na miguu: meza iliyouza kila siku, unga ndani, mume mzima, mwili mzima. Vilipoondoka vile, hata wiki moja haikuwezekana. Simlaumu mzee. Nami sijilaumu, ingawa kuna siku najikuta naitazama ile wiki, mshumaa ule ule, kama mtu anayetazama nyumba aliyowahi kukaa.

Mtamba mmoja alikufa kwa ugonjwa wakati wa kiangazi. Waliobaki wapo, wanene, na kwa sasa Masanja anaongea tena na watu. Ameoa. Wameniambia kwa heshima, wakanitumia ujumbe niende nikaonane na mwenzangu, huyo mke mpya. Nikaenda mwezi uliopita, nimebeba dagaa.

Ni mwanamke mtulivu kutoka Kasoli. Alinipokea kwa magoti, akanipa maji, akanitandikia mkeka kivulini. Minza amekua, amefanana na wewe mpaka inauma. Alinisogelea, akanikumbuka, akanikalia mapajani. Kisha akachezea ukuni uliokuwa kando ya mkeka, ukamkwaruza, akaruka kutoka mapajani mwangu akikimbilia jikoni huku anamlilia mama, "Mayu, mayu." Nilianza kuinuka, nikidhani anakutafuta wewe. Yule mwanamke akaitika, "Naam, njoo," akamfuta damu kwa upindo wa kanga yake, na mtoto akanyamaza papo hapo.

Nikakaa chini tena. Ndilo hasa nililotaka kukwambia, na imenichukua kurasa zote hizi kulifikia. Mtoto wako ananyamazishwa vizuri.

Pumzika, dada. Mama anakusalimu, ingawa hakusema.

Mimi mdogo wako,
Nyanzobe