Weris Hakuhama

Banissa, 3 Februari 2025

Dada Mwende,

Salamu kutoka kwetu. Natumai ulifika Machakos salama na mama yako anaendelea vizuri. Huku mvua hakuna, mbuzi wamekonda, lakini tuko hai.

Mimi si mzima. Weris amepotea. Nilikuwa malishoni, yeye nilimwacha mjini kwa bibi yake ili asome. Tarehe 14 Januari alitoka asubuhi kwenda shule, hakurudi. Bibi akadhani amenifuata malishoni. Mimi nikadhani yuko darasani kwako. Nimerudi mjini tarehe 25, na wewe umeondoka jana yake kwa uhamisho.

Kituoni askari aliniuliza sisi ni watu wa wapi. Nikasema tulihama kutoka Kutulo miaka sita iliyopita. Akaandika kwa kitabu chake: "Amehama." Nikamwambia, ni mimi nilihama, mtoto amepotea! Akacheka, eti nyinyi watu wa mifugo, atarudi na mbuzi.

Wiki hiyo hiyo akapotea Wendy, binti wa afisa mmoja kule Garissa. Helikopta ikaruka, picha yake ikafika mpaka kwa simu yangu. Siku ya pili akapatikana. Alhamdulillahi, mtoto ni mtoto. Na wangu je?

Binamu yako Lazarus ni mtangazaji wa redio. Mwambie asome jina tu: Weris Alio, miaka kumi na mmoja, ana kovu juu ya jicho la kushoto.

Dada yako, abaayo wako,
Nurto

Machakos, 12 Februari 2025

Abaayo Nurto,

Pole sana, dada yangu. Mama hajambo, anakusalimu. Nimeongea na Lazarus. Anasema kwenye picha uliyotuma Weris amejifunika hijabu, na wasichana wa huko wanafanana. Alipiga simu kituoni akaambiwa mtoto alihama, hata rejista ya shule inasema hivyo. Stesheni haiwezi kutangaza mtoto aliyehama.

Usikasirike nikikuuliza kama dada: hamkumwoza ng'ambo ya mpaka? Niambie ukweli nijue pa kuanzia.

Dada yako,
Mwende

Banissa, 20 Februari 2025

Mwalimu Mwende,

Leo sikuulizi hali.

Mama yake Wendy, nani alimwuliza kama amemwoza mtoto? Eti wanafanana! Miaka mitano umekula kwangu, Weris akikuletea maji, ukimjua kwa kikohozi kabla hajafika mlangoni. Leo amefanana na nani?

Nilienda shuleni. Mwalimu mkuu akafungua rejista. Tarehe 15 Januari, mbele ya jina la Weris, kuna H ya wino mwekundu. Tarehe 16, H. Hivyo hivyo mpaka siku uliyoondoka. Akaniambia maana yake ni "amehama". Mwandiko huo naujua, wallahi. Ndio ulionifundisha mimi kuandika, kwa meza yangu mwenyewe.

Nyumba ya bibi yake iko nyuma ya darasa lako. Ungeuliza tu! Kim, mtoto wa nesi kutoka Embu, alipokosa shule siku moja ulikimbia mpaka kwao, viatu mkononi. Nilikuona. Wangu ukampa herufi moja, na siku kumi zikaenda bure.

Nurto

Machakos, 17 Machi 2025

Abaayo,

Sijui kama bado nina ruhusa ya kukuita hivyo. Karibu mwezi mzima nimekaa na barua yako nikijitetea: nilikuwa nafunga mizigo, watoto wa huko huhama kila kiangazi, walimu wote tuliandika hivyo. Kisha nikakumbuka viatu.

Ni mimi. Sikumwuliza mtu. Nimeandika hayo na kutia sahihi, nikatuma kituoni na shuleni huko Banissa. Lazarus alipoanza visingizio, niliketi mlangoni pa stesheni yao mpaka akatoka. Jana alisoma jina la Weris na habari ya kovu, akatoa na namba yako ya simu.

Nimejaribu kukumbuka. Katika miaka mitano niliandika H kwa watoto kumi na tisa. Sijui hata mmoja yuko wapi. Naona haya, Nurto, lakini niandikie, hata kama ni matusi.

Mwende

Banissa, 29 Machi 2025

Mwalimu,

Matusi sina. Nina habari.

Dereva wa lori la ngamia alipiga simu baada ya tangazo. Tarehe 16 Januari, sokoni Bute, alimwona msichana mwenye kovu juu ya jicho, ndani ya gari la mwanamume na mwanamke asiowajua. Msichana alikuwa analia arudishwe shule. Dereva akauliza. Mwanamke akajibu ni mtoto wao, wanahama. Akaamini. Anasema angesikia redioni kuna mtoto amepotea, angeweka lori lake katikati ya barabara lile gari lisipite. Hakusikia kitu. Siku hiyo wewe ulikuwa unaandika H ya pili.

Kesho naenda Bute na kaka yangu Kadar. Hao kumi na tisa, andika majina yao yote. Usiyatume. Yalete mwenyewe, mama zao wapo hapa.

Na dereva alisema jambo lingine. Mtoto alikuwa anarudia maneno yale yale: "Mwulizeni Mwalimu Mwende. Mwalimu Mwende ananijua."

Nurto,
mama yake Weris