Tairi za Kushoto

S.L.P. 418
Jumapili, 9 Machi

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu za shangazi yako. Natumaini barua hii inakukuta mzima, baridi ya huko haijakushinda, na kile kikohozi ulichokuwa unakohoa kwenye simu kimekwisha. Kama hakijakwisha nenda hospitali, usikae unakunywa maji ya moto na kujidanganya. Sisi huku tunaendelea. Goti langu linauma nikipanda ngazi na linanyamaza nikishuka, kwa hiyo nusu ya siku mimi ni mzima kabisa. Mama yako hajambo. Baba yako nitafika kwake.

Ulinituma nikuchagulie tairi mpya za pikapu yako, nami nimechagua. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza.

Nianze na ulichotaka. Ulitaka zile zenye meno makubwa, za matope, tena ziwe kubwa kuliko za sasa kwa inchi mbili. Nilikwenda kwa fundi wa tairi aliye nyuma ya soko. Watu wanamwita Kipara, kwa ajili ya kichwa chake, si kwa ajili ya mali anayouza. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza gari linakwenda wapi. Nikamwambia siku tano linakwenda mjini kwa lami, siku moja linakwenda shambani kwa kaka yangu kwa njia ya mawe, na siku ya saba linaoshwa.

"Na matope?"

Nikamjibu kwamba matope tunayaona kwenye picha anazotuma mwenye gari.

"Basi, mama, mwenye gari anataka kuvaa gambuti kwendea ofisini."

Usikasirike, maana alinieleza vizuri. Tairi za matope zinavuma kwenye lami, na mvua ikinyesha zinachelewa kusimama. Hizo inchi mbili za kuongeza zitakwaruza madigadi kila ukikata kona, na mshale wa spidi utasoma themanini wakati wewe uko themanini na tano. Nimefundisha watu udereva miaka ishirini na sita. Waongo nilionao wananitosha, sitaki na mshale.

Za lami tupu alizikataa yeye mwenyewe. Ubavu wake ni mwembamba, jiwe moja la njia ya shamba linaupasua. Tena akanionyesha namba ya uzito na herufi ya mwendo zilizoandikwa ubavuni, akasema injini ya fujo kama ile haivishwi tairi ya gari la kusambazia mikate. Pikapu ile ilitengenezwa kuruka milima ya mchanga, hata kama kwetu inaruka matuta ya barabarani tu.

Zikabaki za katikati, meno ya wastani na ubavu mgumu. Akaleta seti mbili. Ya kwanza ilikuwa inang'aa, na meno yote yapo. Nikavaa miwani, nikainama, nikasoma zile tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa: wiki ya kumi na moja, miaka saba iliyopita. Zimezeekea rafuni. Nilipomwambia, Kipara akacheka, akasema alikuwa ananipima. Sikumwamini. Nikachukua seti ya pili, ya mwishoni mwa mwaka jana, nne pamoja na ya akiba, saizi ile ile iliyokuja na gari.

Mambo ya tairi yanaishia hapo, na ningependa barua nayo iishie hapo.

Alipozifungua zile za zamani alizilaza chini, za kulia upande mmoja, za kushoto upande mwingine. Akaniita nikaone. Za kulia zilikuwa zimelika sawasawa kama inavyotakiwa. Za kushoto, zote mbili, ubavu wa nje umekwaruzwa mzunguko mzima, kovu juu ya kovu, pengine mpaka nyuzi zinaonekana. Rimu nazo zimechubuka.

"Anaendesha nani?"

"Kaka yangu."

"Anapanda kingo za barabara. Hapa hata siku moja hajapanda," akagusa za kulia, "ila huku kila siku. Mtu asiyejali anagonga pande zote, mama. Huyu upande huu haoni."

Nikamwambia ni mashimo. Akanitazama, akaenda kutafuta spana ambayo alikuwa nayo mkononi.

Kila Alhamisi mimi hupanda gari hilo na baba yako. Nimekuwa nikisikia tairi zikipanda ukingo, nikimtania kwamba anaendesha kama mwanafunzi wangu wa wiki ya kwanza. Yeye anacheka, mimi nacheka. Wanasema mganga hajigangi. Mimi hata kaka yangu sikumganga, na nilikuwa nimekaa ubavuni pake. Niliona aibu, kisha nikaogopa.

Nilimkuta barazani anasoma gazeti. Nikamwomba atazame mlango wa stoo, asigeuze shingo. Nikasimama nyuma yake, nikanyoosha mkono na kuusogeza mbele polepole, aniambie akiuona, kama nilivyokuwa nikiwapima wanafunzi. Wa kulia aliuona mara tu ulipolingana na bega. Wa kushoto ulipita bega, ukaendelea, ukaendelea, hata mkono ukaanza kuchoka. Ndipo akasema, "Sasa." Kisha akauliza, "Nimefeli?"

Nikamwambia amefeli.

Hakubisha, na wewe unajua baba yako kubisha ni mazoezi yake ya viungo. Alisema amejua tangu mwaka jana, akadhani akiongeza uangalifu itatosha. Mama yako alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi. Akamuuliza mbona hakusema. Baba yako akajibu kwamba angesema, wangemnyang'anya gari.

Unaikumbuka barabara ya mjini ilivyo asubuhi, watoto wa shule wanavyotembea ukingoni, upande wa kushoto, wawili wawili. Sikumtajia hilo. Alilitaja mwenyewe, taratibu, akilitazama gazeti. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akaniwekea ufunguo juu ya meza.

Jumatatu tulikwenda kwa daktari wa macho. Ni presha ya macho. Jicho la kushoto limeharibika sehemu kubwa na la kulia limeanza. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kinalindwa kwa dawa ya matone, asubuhi na jioni, maisha yake yote. Mama yako ndiye anayemtilia, na baba yako analalamika kwamba analenga pua. Kuendesha, basi. Daktari alilisema mara moja, na hakuna aliyemwomba alirudie.

Sasa gari naendesha mimi, na ndiyo maana nimechagua tairi zinazosimama mapema. Zimetulia, hazivumi, hata kwenye mawe zinashika vizuri. Baba yako anakaa kiti cha abiria. Mimi niko kulia kwake, upande anaouona, kwa hiyo hakuna kosa langu linalompita. Juzi alinikosoa gia mara nne kabla hatujafika kituo cha mafuta. Nilimwacha aseme.

Nimebakiza jambo moja. Daktari aliuliza kama mzee ana ndugu, na kama ana watoto. Ugonjwa huu hauumi, unakula macho kutoka pembeni kuja katikati, na unapenda kukaa ndani ya ukoo. Mimi nimepimwa Jumatano, niko salama kwa sasa. Wewe una miaka arobaini na mmoja na hujawahi kupimwa chochote isipokuwa suti. Wiki hii nenda. Waambie habari za baba yako, wakupime presha ya macho, usiwaache wakusomeshe herufi ukutani tu, kwa maana hata baba yako herufi alizisoma zote. Yeye anasema nisikutishe. Mimi nataka utishike, uvae viatu, uende.

Na usimpigie kumpa pole. Amechoka na pole. Mwambie umekwenda kupimwa, hilo ndilo analolisubiri kila simu inapolia, ingawa atakuambia alikuwa anasubiri taarifa ya habari.

Mama yako anakusalimu sana, anasema ule vizuri. Binamu zako wawili wanakusalimu, mdogo anataka umwachie zile tairi kuukuu akatengenezee bembea. Nimemkatalia zile za kushoto. Baba yako anakusalimu, na anakuomba msamaha kwa rimu.

Mungu akutunze huko uliko, akutunzie na macho yako, yote mawili, mpaka pembeni kabisa.

Wako akupendaye,
Shangazi yako