Tiki ya Pili

2 Machi

Wifi yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Hujambo? Miguu bado inavimba kwa zile zamu za kusimama wodini? Sisi wazima, ila Kifaranga wangu ana mafua, kamasi hazikauki.

Majibu yake yametoka. Masikio ni mazima, ila njia ya kutoka sikioni kwenda kwenye ubongo haipitishi sauti sawasawa. Daktari anasema watoto waliolazwa wodi ya wachanga mahututi, kama yeye, hupimwa mara mbili: sikio, kisha hiyo njia. Kadi yake ina tiki mbili na sahihi yako, shangazi mtu. Ametimiza miaka miwili na hata "mama" hajasema.

Sikulaumu, wifi. Naomba tu uniandikie siku ile ilikuwaje, kwa mkono wako, maana ya simuni mimi husahau. Itamsaidia daktari.

Wifi yako akupendaye

21 Machi

Wifi,

Salamu zimefika. Mwili haujambo, ila moyo hapana. Ungenitukana ningevumilia, umeniita shangazi mtu, nikalia.

Nasema kweli. Kipimo cha sikio ni kidude kidogo tu, dakika moja; alipita. Cha pili ni vibandiko vya nyaya kwenye paji na nyuma ya masikio, na lazima mtoto alale fofofo, mashine isome ubongo unavyoitikia sauti. Kifaranga ukimgusa tu, kaamka na kelele. Nilijaribu mara tatu. Ilikuwa Ijumaa, kaka kasimama mlangoni na begi lenu: "Dada, tia tiki hiyo watu twende nyumbani. Jumatatu nitamleta mwenyewe." Nikatia. Jumatatu hakuja. Nilimpigia mara mbili, akasema, "Mlango ukibamizwa anashtuka, unataka nini tena?" Nikaiacha tiki ilivyo.

Nisamehe, wifi. Barua hii iishie kwako.

Shangazi yake

5 Aprili

Wifi,

U hali gani? Mimi mzima kuliko nilivyokuwa miaka miwili hii.

Daktari hakuhitaji barua yoyote. Niliyeihitaji ni mimi. Wakubwa zako waliniambia tiki ni tiki, nilete ushahidi. Nakujua: kwa mdomo ungekana, kwa kalamu ungetubu. Barua yako iko kwa kamati ya hospitali tangu Jumanne, na nadhani wameshakusimamisha kazi. Nimejipekua nione kama nina huruma. Sina.

Mtego niliutega kwa ajili yako, umenasa wawili. Kikulacho ki nguoni mwako. Miaka miwili kaka yako ananiambia mtoto hasemi kwa sababu mama yake mzito wa ulimi, na mama yenu anaitikia. Nami nikaamini! Nilimsemesha mwanangu mpaka koo likakauka, naye ananitazama midomo tu.

Nakala nilibaki nayo. Jana nilimpa kaka yako aisome kwa sauti, sebuleni, mama yenu akiwepo. Alipofika pa Ijumaa akasita. Nikamwambia, "Endelea." Akasoma mpaka sahihi.

Kifaranga anabaki kwangu. Jumatatu anaanza kufundishwa lugha ya mikono, nami pamoja naye. Kaka yako yuko njiani kuja kwako, nimemfungia mlango. Mpokee. Mna mengi ya kuambiana, na nyote wawili mnasikia.

Mama Kifaranga