Kuni za Msiba

Jumatatu, 3 Machi
Chapati zimeisha mapema. Foleni ya malori hapa mpakani imerefuka, madereva wana njaa. Neema mgongoni, jino linamtoka, kanitafuna bega lote. Baba yake kapiga mchana kutoka Kongo. Ameshusha mzigo, keshokutwa anageuza. Akauliza kama mtoto ameanza kukaa. Nikamwambia anakaa, halafu anaanguka kama gunia. Akacheka. Nimechoka.

Jumatano, 5 Machi
Vita imeingia ule mji aliko Baba Neema. Nimesikia kwa madereva nikiwa namimina chai. Nikamimina mpaka ikamwagika.
Saa sita kapiga. Sauti ya chini. Asubuhi walikuwa wanapiga mswaki kwenye yadi, wakaona askari wa serikali wanakimbia, wanavua magwanda njiani. Ndipo wakajua. Watu wamebeba magodoro kichwani, hawajui waelekee wapi. Nikamwambia acha gari, njoo. Akasema gari ni la watu. Nikasema na wewe ni wa watu. Simu ikakatika.

Ijumaa, 7 Machi
Hapatikani. Nimepiga mpaka Neema anadhani ni mchezo.

Jumapili, 9 Machi
Edo, dereva mwenzake, amerudi. Ameliona gari la Baba Neema barabarani, limeungua. Ndani hakuchungulia, alikuwa anakimbia. Nimemuuliza mara tatu kama aliona mtu. Hakuona. Basi hajui.

Jumanne, 11 Machi
Wakwe wameshuka kutoka kijijini Mbebe na kipikapu cha kirikuu. Kuni, unga, masufuria makubwa. Vya msiba. Edo aliwapigia. Mama mkwe anataka nikae kwenye mkeka. Shangazi wa Baba Neema akaniambia, "Unasukuma chapati na mumeo ni maiti?" Nikamwambia nionyeshe maiti. Wanasema nina roho ngumu. Ninayo. Na nina mtoto wa kulisha.
Baba mkwe alikaa nyuma ya nyumba. Kwetu Wandali mwanamke hasemi na baba mkwe wake, wala hamtazami. Tangu niolewe sijamwambia neno, wala yeye mimi, yote yanapitia kwa mama mkwe. Aliposema moto wa msiba uwashwe, nikaenda mpaka mbele yake.
"Baba, huo moto hauwashwi. Mwanao hajafa mpaka nimwone."
Mama mkwe akajifunika kanga usoni. Mzee akatazama chini, akainuka akaenda zake.
Moto haukuwashwa. Naona aibu. Sijuti.

Alhamisi, 13 Machi
Hakuna anayenisemesha. Hawajaondoka pia, wanasubiri. Labda wao ndio wako sahihi. Nimelia chooni ili Neema asinione.

Jumamosi, 15 Machi
Namba ya Zambia. Nilidhani ni mteja. Ni yeye.
Yuko Nakonde, hapo ng'ambo. Gari alilikimbia kabla halijachomwa. Simu waliichukua wenye bunduki. Ametembea porini na watu wa ule mji, halafu akabebwa na malori. Akasema, "Njoo na shati." Nikavuka na shati. Amekonda, shingo imekuwa ya mzee. Neema hakumjua, akamlilia. Nilimkasirikia mtoto, kisha nikajionea haya.
Mama mkwe alipomwona alikaa chini palepale, kwenye vumbi.

Jumatatu, 17 Machi
Bomba la bodaboda limelipuka nje kama bunduki, Baba Neema akaingia uvunguni mwa kitanda. Na mimi nikaingia. Tukalala pale mpaka pumzi yake ikatulia. Kule chini ndiko alikoniambia. Mama mmoja alitembea nao, mtoto alimfia njiani, wakamzika. Mama akaendelea kufunga kanga mgongoni, tupu.
Nilimshika mkono.

Jumanne, 18 Machi
Wakwe wanarudi leo. Hawakuzipakia kuni. Nimewasha hizo hizo, zimekauka vizuri, nikapika uji. Baba Neema ameshika mtoto mlangoni. Leo hajaliliwa.
Nikapeleka kikombe nyuma ya nyumba, nikakiweka chini, nikageuka. Nikasikia sauti ya mzee.
"Neema, mwambie mama yako uji ni mzuri."
Neema hajui hata kusema baba. Yuko kule mlangoni, hata hasikii.
Nikasema bila kugeuka, "Neema, mwambie babu upo mwingine."