Jani la Muhogo

Mabawe, Ngara
11 Machi 1979

Mpendwa dada Marsiana,

Shikamoo. Nakusalimu kwa jina la Bwana, nikitumaini homa imekuachia na kwamba huko Biharamulo mvua imewafikia. Je, shemeji Xavery ameleta habari yoyote kutoka vitani? Tunamwombea kila jioni. Hapa sote wazima. Mwanao Ildefonsa uliyetuachia tumlee naye ni mzima, ila habari zake ndizo zilizonishikisha kalamu.

Unanijua, dada, nikipata jambo jipya la kufundisha silali. Jumatano niliamua kuwafundisha darasa la pili grafu bila chaki, maana chaki imekuwa adimu tangu vita vianze. Niliwaambia kila mmoja alete jani la chakula alichokula usiku uliopita, tuyapange uwanjani, tuone Mungu ametulisha nini, kisha tumshukuru. Nikajigamba kwamba majani aliyoyaumba Mungu hayasemi uongo. Laiti ningenyamaza!

Nilichora mstari mavumbini, wakapanga jani juu ya jani na kuyakandamiza kwa kokoto yasipeperuke: mgomba safu yake, viazi safu yake, maharage safu yake. Ya maharage ikawa ndefu kuliko zote. Mwanangu Audax akaweka jani lake hapo kwa mbwembwe. Ildefonsa akaja nyuma yake, akaweka jani la muhogo, peke yake.

Darasa likacheka. Mtoto mmoja akauliza iweje watu wa nyumba moja wale vyakula viwili. Badala ya kujibu, nikamkemea Ildefonsa kwamba amekosea, nikaliokota jani lake nikampa la maharage. Alilipokea, dada, akaliweka nilipomwonyesha. Kisha tukasali. Wenzake walipomshukuru Mungu kwa maharage, yeye aliinama akamshukuru kwa muhogo.

Dada, hakukosea. Lile debe la maharage ulilomletea mwenyewe tumekuwa tukilila mimi, wifi yako na Audax, naye anapewa muhogo. Ningeweza kukuambia kwamba mwanaume hakai jikoni, kwamba sikujua. Nilijua! Niliviona vyungu viwili siku nilipofuata kaa la kuwashia kiko changu, nikageuza uso, nikarudi kula. Usimlaumu wifi yako peke yake. Mwenye nyumba ni mimi, na mtoto ni damu yangu. Leo kanisani nilishindwa kuinua uso.

Alhamisi nilimrudishia jani lake mbele ya darasa, nikawaambia aliyekosea ni mwalimu. Nyumbani sasa panapikwa chungu kimoja, naye anakula nami sahani moja. Ukitaka kuja kumchukua, njoo, sina neno. Yeye ameniomba nisikuandikie, asije akakuzidishia ugonjwa.

Jana nilimsogezea maharage. Akala kidogo tu, akanawa, akasema ameshiba, yaliyobaki ni ya Audax. Nilimsihi, akakataa kwa adabu, kama mgeni.

Wasalimie majirani wote wanaonikumbuka, na shemeji akiandika umfikishie salamu zangu, ingawa sijui nitamtazamaje akirudi. Mungu akuponye, nawe unisamehe ukiweza.

Mdogo wako mwenye aibu,
Desderius