Usimwite Darlène Nyumbani

Makindye, Kampala
Jumamosi, 14 Juni 2025

Mpendwa yaya Marlène, dada yangu mkubwa,

Sasa hivi Guerschom amenipanda mapajani, akanitazama vizuri, halafu akanipitishia kidole shavuni kutoka chini kwenda juu, kama mtu anayesogeza video kwenye simu. Alipoona sibadiliki akaanza kulia! Mtoto wa mwaka mmoja na nusu, anatafuta mama mwingine.

Samahani, nimeanza na kicheko kabla ya salamu. Hujambo dada? Mgongo umepata nafuu? Na mama, bado anakohoa? Sisi huku tuko wazima, Mungu anatulinda. Mvua imetuchosha kidogo, lakini nyumba haivuji tena.

Kasereka alipokuja na biashara zake alinifikishia maneno yako. Umesema akianza safari leo jioni aje na Darlène, kwa sababu binti yako alikuja Kampala kujifunza kusuka, na kitu alichojifunza ni simu. Dada, nililia. Nakuandikia nikuombe: mwache kwangu.

Uliyoyasikia ni kweli. Alikuwa anaamka na TikTok, analala nayo, hata uji anaukoroga kwa mkono mmoja. Siku ile saluni simu ilikuwa mapajani, huku anamsuka mke wa askari mmoja wa kambi ya jeshi ya hapa Makindye. Upande mmoja akasuka mistari aliyoombwa, upande wa pili akafuata mtindo aliokuwa anautazama kwenye simu. Yule mama alipojiona kwenye kioo akasema, “Wewe, umenisuka watu wawili? Upande huu unaenda kanisani, na huu unaenda wapi?” Saluni nzima ikacheka. Adyero, mwenye saluni, hakucheka. Alimfukuza palepale.

Nikamnyang'anya simu. Kumbe nimeharibu zaidi, akaanza kuazima za majirani. Mchungaji akataka tumwombee, labda ni pepo. Darlène akaniambia huku analia, “Mama mdogo, si pepo. Ni kidole. Kinaenda chenyewe, mimi nakuta kimeshafika.” Nikamwamini, maana na mimi changu nakijua.

Dawa ameipata mwenyewe. Siku moja alikuwa ananisuka mimi, vidole vimejaa mafuta ya nywele, simu ikalia. Alitaka kuishika, akakumbuka mafuta yataichafua. Akachukua kitambaa, akawa anafuta kidole kimoja kimoja, mara akasimama. “Mama mdogo, kwani nilikuwa nataka kuona nini?” Nikamwambia mimi sijui, viulize vidole. Tulicheka mpaka Guerschom akaamka. Tangu hapo anajipaka mafuta asubuhi hata kama hana mtu wa kusuka. Akitaka simu lazima ajifute kwanza, na katika kule kujifuta mara nyingi hamu inapita.

Sikudanganyi kwamba amepona. Juzi alijifungia chooni na simu mpaka mpangaji mwenzetu akagonga, “Mkongomani, unazaa humo?” Lakini alipotoka alikuja moja kwa moja kwangu, akaniwekea simu mkononi, akasema nikae nayo mpaka jioni. Zamani angenuna siku nzima.

Na Adyero amekubali arudi Jumatatu! Hakumwonea huruma, aliona tu kichwa changu sokoni, akauliza nani amenisuka. Sharti lake ni kwamba simu ibaki nyumbani. Darlène amekubali. Jana nimemsikia anafua gauni lake la kazini huku anaimba.

Dada, najua huko kwenu mtandao haufiki, na wewe unaona hapo atapumzika. Lakini siku atakapotoka tena, kidole kitakuwa kilekile. Mwache amalize kukifundisha hapa, mimi nikiwa karibu.

Nisalimie mama, nisalimie shemeji, na watoto wote, hasa yule mdogo niliyemwacha hana meno. Mungu awafunike, akupe usingizi mzuri na moyo wa kutungoja.

Mdogo wako akupendaye kila siku,
Séraphine

Nimesahau, sabuni na kitenge ulivyoagiza nimempa Kasereka. Ndiye huyo amefika mlangoni, anaita, “Mama Guerschom, binti yuko tayari? Basi halitungoji!” Darlène amemtokea kabla yangu, anamwambia nafasi yake apakie magunia, yeye Jumatatu ana kazi. Kasereka anasema hasikilizi mtoto, anataka kusikia kwangu mimi, ananiita tena. Ngoja nitoke nimwambie kwamba Darlène anabaki, na barua hii ndiyo aibebe.